Kadeti wa shule za Marekani: Hiari ya kijana iko wapi?

Familia nyingi zilizohama kutoka Afrika ya Mashariki na Kati na kufanya makazi nchini Marekani zimekutana na jambo ambalo halikuwamo katika hesabu zao za safari. Mtoto aliyeandikishwa shule ya sekondari kwa matumaini ya kujifunza Kiingereza, hisabati na sayansi hurejea nyumbani siku moja akiwa na sare ya kijeshi, viatu vinavyotakiwa kung'arishwa, na karatasi ya kutiwa saini na mzazi ili abaki shuleni jioni kwa mazoezi ya gwaride.

Sare hiyo ni ya JROTC, mpango wa kadeti wa shule za sekondari unaogharamiwa kwa pamoja na majeshi ya Marekani na wilaya za elimu. Mpango huo uliasisiwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1916, katika utawala wa Rais Woodrow Wilson, wakati Vita Kuu vya Kwanza vilikuwa vimepamba moto barani Ulaya na Marekani yenyewe ilikuwa haijatia mguu. Mwanzoni ulikuwa wa jeshi la nchi kavu peke yake. Sheria ya mwaka 1964 iliufungulia majeshi mengine, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wasichana nao wakaruhusiwa kujiunga. Hii leo una vikosi vipatavyo 3,400 na kadeti wanaokaribia nusu milioni.

Ubishi juu ya mpango huu ni wa miaka mingi na pande zake zinafahamika. Serikali husema kwamba lengo, kama lilivyoandikwa katika sheria, ni kuwajengea vijana uraia mwema, moyo wa kuitumikia nchi, tabia ya kuwajibika na fahari ya kufanikisha jambo. Kadeti hana mkataba na jeshi na anaweza kumaliza shule akaenda zake. Wapinzani hujibu kwamba huo ni mlango wa nyuma wa kuandikisha askari, na hukumbusha kwamba mwaka 2000 Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, William Cohen, aliliambia Bunge kuwa mpango huo ni miongoni mwa njia bora kabisa za kupata askari wapya.

Lakini pande zote mbili hubishana zaidi juu ya darasa, ilhali uhai wa mpango huu haumo darasani. Umo katika timu na vilabu vinavyokutana baada ya kengele ya mwisho na siku za Jumamosi. Huko ndiko vijana hupata kile wanachokitafuta, na huko ndiko swali kubwa la mpango mzima huonekana waziwazi: je, hiari inayotajwa katika sheria ni ya nani?

Baada ya kengele ya mwisho

Timu inayofahamika zaidi ni ya gwaride. Mtu aliyewahi kutazama gwaride la kimya kimya katika sherehe za Uhuru mjini Dar es Salaam hatapata taabu kuielewa. Vijana husimama katika safu, wakageuka, wakavunja safu na kuiunda upya kwa mpango mmoja. Yapo mashindano ya amri za kawaida, ambamo majaji hupima usahihi wa kila hatua, na yapo ya maonyesho, ambamo kikosi hujitungia mchezo wake na bunduki zisizoweza kufyatua risasi, zenye uzito wa kilo nne hivi, hurushwa hewani zikazunguka na kudakwa. Mashindano ya kitaifa ya gwaride kwa shule za sekondari hufanyika kila mwaka mjini Daytona Beach, katika jimbo la Florida.

Kando ya timu hiyo kipo kikundi cha bendera, ambacho hualikwa kwenye michezo, mazishi ya askari wa zamani na sikukuu za mji. Ipo timu ya kulenga shabaha, inayotumia bunduki za upepo kwa umbali wa mita 10, mshindani akilenga akiwa amelala, amepiga goti na amesimama wima. Vikosi vya jeshi la nchi kavu vina timu inayoitwa Raider, ambayo hushindana kuvuka kwa kamba, kubeba machela yenye mzigo porini na kukimbia kilomita tano.

Si yote yanayohitaji misuli. Vipo vilabu vya kusoma ramani na dira, vya kurusha roketi ndogo na vya mashindano ya chemsha bongo, ambavyo washindi wake hupelekwa Washington katika fainali. Tangu mwaka 2009 yapo pia mashindano ya usalama wa kompyuta yajulikanayo kama CyberPatriot, yaliyoanzishwa na Chama cha Jeshi la Anga. Vijana hupewa kompyuta iliyojaa kasoro za makusudi, nao huzitafuta na kuzirekebisha kabla muda haujawaishia. Kijana anayeyamudu mashindano hayo ameonja kazi ambayo makampuni ya kiraia huilipia vizuri bila kumdai avae sare.

Kwa nini vijana hubaki

Sababu ya kwanza ni kwamba timu hizi humpokea yule ambaye timu nyingine zimemkataa. Katika shule kubwa ya Marekani, kucheza mpira wa kikapu au soka katika timu ya shule ni jambo la wachache. Mchujo ni mkali, na mara nyingi waliopita ni wale ambao wazazi wao wamekuwa wakilipia mafunzo ya pembeni tangu utotoni. Timu ya gwaride haihitaji kimo wala kasi. Inahitaji mtu afike kwa wakati, asikilize na arudie hatua ile ile mpaka imkae.

Kwa kijana mgeni ambaye Kiingereza chake bado kinakwama, amri za gwaride ni maneno machache yasiyobadilika. Huzielewa wiki ya kwanza, na kabla ya mwaka kwisha huweza kupata cheo na kuwaongoza wenzake waliozaliwa hapo. Mambo kama hayo ni adimu katika maisha ya mhamiaji.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa marehemu Jenerali Colin Powell. Alizaliwa Harlem, mjini New York, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Jamaika. Hakuwa mwanafunzi hodari, na mwenyewe aliwahi kueleza kwamba alipoingia chuo kikuu mjini humo alijikuta mahali pake alipojiunga na klabu ya gwaride ya wanafunzi iitwayo Pershing Rifles. Klabu hiyo ndiyo iliyomfungulia njia iliyomfikisha kuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi na hatimaye Waziri wa Mambo ya Nje.

Powell hakuisahau. Mwaka 1992, baada ya ghasia zilizoitikisa Los Angeles, alipigania upanuzi wa kadeti katika shule za miji yenye dhiki, na Bunge likapandisha kikomo cha vikosi hadi 3,500. Ni kuanzia hapo mpango ukaota mizizi katika mitaa ya Wamarekani weusi, ya Walatino na ya wahamiaji. Samaki mkunje angali mbichi, walisema waliouunga mkono. Waliopinga waliuliza kwa nini samaki wa mitaa ya matajiri hawakunjwi.

Bunduki ya upepo na kivuli chake

Hakuna timu iliyozua mabishano kama ile ya shabaha. Wanaoitetea husema kwamba huo ni mchezo wa Olimpiki, kwamba kanuni zake za usalama ni kali, na kwamba hufundisha utulivu kuliko mchezo mwingine wowote. Hoja hizo zina uzito. Lakini shule za Marekani zimeandamwa mno na mauaji ya bunduki kiasi kwamba mafunzo ya kulenga ndani ya uzio wa shule hayawezi kutazamwa kama mrusho wa mkuki.

Mwezi Februari 2009, baada ya kampeni ya wanafunzi na wazazi, bodi ya elimu ya San Diego katika jimbo la California ilipiga marufuku mafunzo ya shabaha katika shule zake. Wanafunzi hao walikuwa na lalamiko la pili ambalo halikuvuma sana, nalo ni kwamba baadhi yao waliwekwa katika darasa la kadeti bila ya kuliomba.

Miaka tisa baadaye, tarehe 14 Februari 2018, watu 17 waliuawa katika shule ya sekondari ya Parkland, Florida. Muuaji, aliyekuwa mwanafunzi wa hapo zamani, aliwahi kuwa kadeti na mwanachama wa timu ya shabaha ya shule hiyo. Watatu miongoni mwa wanafunzi waliouawa walikuwa nao makadeti. Mmoja wao, mvulana mwenye umri wa miaka 15, aliuawa akiwa amevaa sare yake, akiwashikia wenzake mlango ili watoke. Chuo cha kijeshi cha West Point kilimpa nafasi ya heshima baada ya kifo chake.

Tukio hilo halithibitishi hoja ya upande wowote. Timu moja haimfanyi mtu kuwa muuaji, na sare moja haimfanyi kuwa shujaa. Lakini lilifichua jambo moja ambalo wazazi wengi hawakulijua: timu hiyo ilikuwa imepokea msaada kutoka mfuko wa chama cha wamiliki wa bunduki, NRA. Fedha za vilabu vya shule zina wenyewe, na mwenye fedha ana haja yake.

Hiari ya karatasini

Kisheria, ukadeti ni somo la kuchagua, na timu zake ni uchaguzi ndani ya uchaguzi. Mambo yalivyo katika baadhi ya shule ni tofauti. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa bodi ya elimu ya Chicago alithibitisha kwamba katika shule kadhaa za jiji hilo takriban wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza walikuwa wakiingizwa katika darasa la kadeti moja kwa moja. Mwishoni mwa mwaka huo gazeti la New York Times liliripoti hali ya namna hiyo katika miji mingine, ikiwamo Detroit, Los Angeles na Philadelphia, na likabainisha kwamba nyingi kati ya shule hizo ni zenye wanafunzi wa kipato cha chini na wasio Wazungu.

Chanzo chake si lazima kiwe njama. Sheria inataka kikosi kiwe na wanafunzi wasiopungua 100, au asilimia 10 ya shule nzima, kwa kufuata kiwango kilicho kidogo. Wanaohesabiwa ni raia pamoja na wageni wenye ukaazi wa kudumu. Shule yenye kikosi hupata walimu ambao jeshi huchangia mishahara yao, hupata sare, vifaa na nauli za safari. Kikosi kikipungua, hayo yote yamo hatarini. Katika baadhi ya wilaya, somo hilo huhesabiwa pia badala ya elimu ya viungo, hivyo ni rahisi kwa mshauri wa masomo mwenye ratiba za kujaza kumtia humo mwanafunzi mgeni ambaye wazazi wake hawatauliza.

Hapa ndipo timu na vilabu vinapoingia katika hoja. Ili kijana aingie timu ya gwaride, ya Raider au ya roketi ya kikosi, ni lazima kwanza awe kadeti darasani. Katika shule tajiri, mwanafunzi anayependa roketi ana klabu ya sayansi, na anayependa kusafiri ana timu ya mijadala. Katika shule maskini, huenda basi pekee linaloondoka Jumamosi kwenda mashindanoni ni la kadeti. Kijana huyo amechagua, ni kweli. Lakini penye mlango mmoja tu, kuingia hakuwezi kuitwa kuchagua.

Jiji la San Francisco lilipita katika mtihani huo. Mwezi Novemba 2006 bodi ya elimu iliamua kuufuta mpango wa kadeti kwa hatua, kwa hoja kwamba jeshi halina nafasi shuleni na kwamba sera zake za wakati huo ziliwabagua mashoga. Waliojitokeza kwa wingi kuutetea walikuwa makadeti wenyewe, wengi wao wakiwa watoto wa wahamiaji kutoka Asia. Novemba 2008 wapiga kura walipitisha azimio lisilo na nguvu ya kisheria la kuunga mkono mpango huo, na Mei 2009 bodi ikaurejesha. Vijana wale hawakuwa wakilitetea jeshi. Walikuwa wakiitetea timu yao, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha nyingine ya kuishika nafasi yake.

Mkufunzi na dhamana yake

Jambo linaloziimarisha timu hizi ndilo linalozitia hatarini. Wakufunzi ni askari wastaafu, na wengi wao hujitolea saa zao kuliko mshahara unavyowadai. Hukaa na vijana jioni, husafiri nao, hulala nao katika miji ya mbali. Kijana asiye na baba karibu humwona mkufunzi kama baba. Ukaribu huo umewaokoa wengi, na umewaumiza baadhi.

Mwezi Julai 2022, New York Times liliripoti kwamba katika miaka mitano wakufunzi wasiopungua 33 walikuwa wameshitakiwa kwa makosa ya kijinsia dhidi ya wanafunzi. Baadaye mwaka huo majeshi yaliieleza kamati ya Bunge kwamba yalikuwa yamepokea tuhuma 60 za aina hiyo katika kipindi hicho, na kwamba 58 kati yake zilithibitika. Ni idadi ndogo kwa mpango wenye maelfu ya wakufunzi. Lakini kilichowashtua wabunge ni udhaifu wa uangalizi: shule ilidhani jeshi linamkagua mkufunzi, na jeshi likadhani shule inamkagua. Bunge lilidai mabadiliko katika ukaguzi huo na katika namna ya kuripoti tuhuma. Lakini sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2024 iliweka pia kiwango cha chini cha vikosi kuwa 3,400 na cha juu 4,000. Kwa maneno mengine, mpango haukusudiwi kupungua.

Wakati huo huo jeshi la nchi kavu lilikuwa limepungukiwa na askari wapya 15,000 katika lengo lake la 60,000 mwaka 2022. Uhaba huo ulipita, na miaka ya 2024 na 2025 lengo lilifikiwa. Lakini kila jeshi linapopungukiwa, macho hurudi shuleni.

Kadeti si kadogo

Kwa mzazi aliyetoka mashariki mwa Kongo, mjadala huu una uchungu ambao Mmarekani hawezi kuuhisi. Kadogo ni mtoto mdogo, na neno lenyewe lilikuwa la mapenzi. Tangu mwaka 1996, majeshi ya AFDL ya Laurent-Désiré Kabila yalipoanza safari iliyoishia Kinshasa mwezi Mei 1997, neno hilo limebeba sura ya mtoto mwenye bunduki inayomzidi kimo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwezi Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri.

Katika mwaka wa fedha 2016 Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, zaidi ya 16,000, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Rais Donald Trump aliusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Januari 2025, lakini watoto waliokwisha kuingia wako madarasani. Si ajabu basi mama aliyevuka mpaka akikimbia walioteka watoto akaingiwa na baridi anapomwona mwanawe amebeba bunduki ya gwaride, hata ikiwa haifyatui.

Haki yasema kwamba mambo haya mawili si sawa. Kadeti hurudi nyumbani jioni, hapelekwi vitani, na akichoka anaweza kuacha. Lakini kinachoyatenganisha hasa ni hilo neno la mwisho: kuacha. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto katika vita, iliyoridhiwa na Marekani mwaka 2002, inataka uandikishaji jeshini wa aliye chini ya miaka 18 uwe wa hiari ya kweli na uwe na ridhaa ya mzazi. Itifaki hiyo inahusu jeshi, haihusu vilabu vya shule. Hata hivyo kipimo chake kinafaa hapa pia, kwa kuwa pale kijana asipoweza kuingia na kutoka kwa ridhaa yake, tofauti iliyobaki ni ya kiwango tu.

Tanzania inatoa ulinganisho wenye faida. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilisitisha mafunzo ya lazima mwaka 1994 na kuyarejesha mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Mafunzo hayo huitwa kwa jina lake, kwa mujibu wa sheria. Mtu anaweza kuyapinga au kuyaunga mkono, lakini anajua anabishana na nini. Katika baadhi ya shule za Marekani lazima imeingia ikiwa imevaa joho la hiari, na hilo ndilo gumu kulipinga.

Mzazi afanye nini

Kumkataza mtoto moja kwa moja kunaweza kumnyima rafiki, nidhamu na fahari ambavyo hatavipata kwingine upesi. Kunyamaza nako ni kuiachia shule iamue. Njia ya kati ni kuuliza, na sheria inamruhusu mzazi kuuliza mengi: je, mtoto aliomba somo hilo au alipangiwa, je, akiliacha atapoteza alama zinazohitajika kuhitimu, nani anafuatana na timu safarini, na je, kuna mtu mzima wa pili asiye mkufunzi.

Lipo pia jambo lisilohusiana na ukadeti ambalo wazazi wengi hulichanganya nalo. Sheria ya elimu iliyotiwa saini mwaka 2002, na ile iliyoirithi mwaka 2015, zinaitaka shule iwape maofisa wa uandikishaji majina na namba za simu za wanafunzi wote wa sekondari, awe kadeti au asiwe. Mzazi anaweza kulizuia hilo kwa barua moja tu kwa shule. Aidha ni vyema kijana ajue kwamba kadeti wa miaka mitatu anaweza kuingia jeshini kwa daraja la tatu la mshahara badala ya la kwanza. Hiyo ni faida kwa aliyekwisha kuamua kuwa askari. Kwa ambaye hajaamua, ni chambo.

Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, haumo mabegani mwa mzazi. Umo kwa majimbo na wilaya za elimu ambazo, kwa zaidi ya miaka 30, zimeona ni nafuu kumwachia Pentagon kazi ya kuwapa watoto wa maskini sare safi, safari ya Jumamosi na mtu mzima wa kuwajua kwa majina. Siku ambayo klabu ya sayansi, kwaya na timu ya mijadala zitakuwa na basi lao katika shule hizo hizo, ndipo itakapojulikana ni vijana wangapi waliochagua gwaride kwa kulipenda. Huenda wakawa wengi. Mpaka siku hiyo, hakuna upande unaoweza kudai kuwa unajua.